Kujiona Umeshinda Hakutoshi: Taswira ya Akilini Inavyofanya Kazi Michezoni

Tangu Mtanzania Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo, Septemba 15, 2025, kuna usemi umeshika kasi kwenye magrupu ya WhatsApp ya klabu za jogging hapa Dar es Salaam: jione umeshinda, na utashinda. Wahamasishaji wameudaka na kuupeleka mbali zaidi. Mtu anaambiwa abandike picha ya medali ukutani, aitazame kila asubuhi, avute hisia za ushindi, mengine yatajipa yenyewe. Upande wa pili wapo wanaosema hayo ni mambo ya kishirikina yaliyobadilishwa jina. Na wapo makocha wa siku nyingi, wenye filimbi shingoni, ambao hawataki hata kuyasikia: kwao mchezo ni mapafu na miguu, basi.

Pande zote tatu utazisikia zikibishana Coco Beach Jumamosi asubuhi, jasho halijakauka. Kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi, ndiyo maana ubishi hauishi. Naandika kwa sababu kuna vijana wenye vipaji vya kweli wanaopewa nusu ya somo hili, tena ile nusu inayodhuru.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Taswira ya akilini ni kulipitisha tendo kichwani kwa makusudi, hatua kwa hatua, kana kwamba unalitenda. Mwili umetulia, lakini kichwani unauona uwanja, unasikia kelele, unahisi goti likinyanyuka na pumzi ikibana. Ni zoezi lenye mwanzo na mwisho, lina muda wake, na ukilifanya sawasawa linachosha. Kukaa kwenye daladala pale Ubungo, foleni haisogei, ukajiona umebebwa juujuu na mashabiki, hiyo ni ndoto ya mchana. Inaburudisha, wala haina dhambi, ila haimjengi mchezaji.

Ndani ya taswira yenyewe kuna picha za aina mbili, na mkanganyiko mwingi umeanzia hapo. Ipo picha ya matokeo: umekata utepe, medali shingoni, wimbo wa taifa unapigwa. Na ipo picha ya kazi: kilomita ya kwanza utaikimbia kwa kasi gani, mwenzako akichomoka utafanya nini, miguu ikianza kuwa mizito utaishikaje pumzi yako.

Chukua watu wawili wanaokwenda Kariakoo kununua vitambaa vya sare ya harusi. Wa kwanza njia nzima anaviona vitambaa tu, vinavyong'aa, na jinsi mashangazi watakavyomsifu. Wa pili anaipita njia kichwani kabla hajatoka nyumbani: nashuka Msimbazi, naingia Mtaa wa Kongo, hela naweka mfuko wa ndani, duka la kwanza wakinipiga bei nageuza, watu wakijaa mno nazungukia Mtaa wa Nyamwezi. Hamu yao ni moja. Lakini huyu wa pili akikutana na msongamano hasimami kujiuliza, maana swali hilo alishalijibu akiwa kitandani. Wahamasishaji wengi wanamfundisha mchezaji awe yule wa kwanza.

Kichwani kunatokea nini hasa

Swali la haki ni hili: kufikiria tu kunabadilisha kitu gani mwilini?

Mwaka 1995 kundi la watafiti lililoongozwa na Alvaro Pascual-Leone lilitoa matokeo ya jaribio kwa watu wasiojua kupiga piano. Walifundishwa zoezi dogo la vidole vitano, saa mbili kwa siku, siku tano. Wengine walipiga kwa mikono. Wengine walikaa mbele ya piano wakalipitisha zoezi lile akilini bila kusogeza kidole. Watafiti walipopima sehemu ya ubongo inayoamrisha vidole, walikuta imepanuka kwa makundi yote mawili. Kwa ubongo, kuwaza tendo kwa makini ni kulitenda kwa kiasi fulani.

Sasa usiishie hapo, kwa maana wengi huishia hapo. Kwenye kupiga kwenyewe, waliowaza tu walifika siku ya tano wakiwa pale ambapo wenzao walikuwa siku ya tatu. Walibaki nyuma. Ila walipopewa kikao kimoja tu cha kupiga kwa mikono, waliwafikia. Ukilisoma jaribio hili lote, makocha wetu wa filimbi wanapata haki yao na watu wa taswira wanapata yao: kuwaza hakukuondolei mazoezi, lakini kunayafanya mazoezi yakija yashike haraka.

Kuna jambo jingine ambalo unaweza kulijaribu mwenyewe jioni ya leo. Watafiti wa Ufaransa, akiwemo Jean Decety, walionyesha mwaka 1989 kwamba mtu akiambiwa atembee umbali fulani kichwani tu, macho yamefungwa, hutumia karibu muda uleule anaotumia akitembea kweli. Picha nzuri ina muda wa kweli ndani yake. Hivyo kama mita 400 unazikimbia kwa sekunde 70 uwanjani, na kichwani unazimaliza kwa sekunde 20, bado hujazikimbia kichwani. Umeruka ukaenda moja kwa moja kwenye utepe. Shika saa, funga macho, anza. Wengi hushangaa.

Mwaka 1994 watafiti watatu, James Driskell, Carolyn Copper na Aidan Moran, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi wakayapima pamoja. Wakakuta mazoezi ya akilini yanasaidia kweli, kwamba hayafikii mazoezi ya mwili, na kwamba faida yake hupungua kadiri siku zinavyopita usipoyarudia. Kwa hiyo kile kisa kinachozunguka mitandaoni, cha wachezaji wa kikapu waliokaa wakifikiria kurusha mpira na kuboreka karibu sawa na waliorusha kila siku, kisikulaze mtu nyumbani. Anayetaka kurusha arushe, kisha aongezee taswira juu yake.

Hatari ya kuifurahia medali kabla ya mbio

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo vijana wetu wanapoumizwa.

Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi waliokaribia mtihani. Baadhi waliambiwa wajione wameshapata alama ya juu, wamefurahi, wanajivunia. Wengine waliambiwa wajione wakisoma: wamekaa wapi, wameshika kitabu gani, wamezima redio. Waliojiona wakisoma ndio waliosoma zaidi na kufaulu vizuri zaidi. Waliojiona na alama mkononi hawakupata faida hiyo.

Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia kutoka Ujerumani, amelichimba jambo hili kwa miaka mingi. Utafiti wake mmoja wa 1991 ulifuatilia wanawake waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito. Waliokuwa na njozi tamu zaidi kuhusu mwili wao mpya walipungua kilo chache kuliko waliowazia pia majaribu ya njiani. Mwaka 2011 yeye na Heather Barry Kappes walionyesha kwa nini: mtu akizama kwenye njozi ya mambo yaliyokwisha kufanikiwa, nguvu za mwili hushuka, na walilipima hilo hadi kwenye presha ya damu. Mwili unalegea kana kwamba kazi imekwisha.

Mfikirie basi kijana wa Mbagala anayeitazama picha ya medali kila asubuhi kwa dakika kumi, anajisikia raha, halafu anajikuta hana hamu ya kutoka kwenda kukimbia. Atajiona mvivu. Atadhani imani yake ni ndogo, aongeze dakika. Kumbe zoezi lenyewe ndilo linalomlegeza. Nakasirika kila ninapoona kijana analipia semina afundishwe hivyo.

Tena mwangalie Simbu mwenyewe, ambaye jina lake linatumiwa kuuza usemi huo. Alikuwa wa 5 kwenye Olimpiki ya Rio 2016. Akapata shaba ya dunia London 2017. Olimpiki ya Tokyo alikuwa wa 7, Paris 2024 hakuwa hata kwenye kumi bora. Aprili 2025 akawa wa pili Boston. Ndipo dhahabu ikaja, kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Baada ya mbio alieleza kwamba alipovuka mstari hakuwa na uhakika kama ameshinda, hadi alipoona jina lake juu kwenye ubao wa matokeo. Mita zile za mwisho zilitaka mtu aliyezama kwenye mguu unaofuata.

Je, picha ya matokeo itupwe? Hapana. Inayo kazi moja kubwa: kukukumbusha unatafuta nini na kwa nini unaamka saa kumi na moja alfajiri. Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City 1968, akaendelea, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa alijibu kwamba nchi yake haikumtuma aanze mbio, ilimtuma azimalize. Mtu yule alikuwa na picha ya mwisho iliyo wazi kabisa. Lakini ni picha ya sekunde chache, unaitazama kisha unageukia kazi.

Maji ndani ya miwani

Agosti 13, 2008, Beijing, fainali ya kuogelea mita 200 kwa mtindo wa kipepeo. Michael Phelps wa Marekani anaruka majini na miwani yake inaanza kuvuja. Kadiri anavyokwenda inajaa, na mwishoni haoni ukuta, haoni mstari wa chini, haoni wapinzani. Kwa muogeleaji wa kipepeo kukosea ukuta ni kupoteza mbio, kwa sababu badala ya kugusa umejinyoosha unagusa umekunja mikono. Phelps alihesabu mapigo ya mikono. Alijua bwawa zima linahitaji mapigo mangapi, akahesabu hadi mwisho, akanyoosha mkono, akagusa. Dhahabu, na rekodi ya dunia: dakika 1:52.03.

Kocha wake, Bob Bowman, alikuwa amemzoesha tangu utotoni kuzipitisha mbio kichwani kabla ya kulala na baada ya kuamka. Na hazikuwa mbio zilizonyooka tu. Zilikuwamo zile ambazo kitu kinaharibika: ameanza vibaya, vazi limechanika, miwani imejaa maji. Siku ilipojaa kweli, hakukutana na mgeni.

Kisa hiki kinavunja ule uzushi mkubwa kuliko yote, kwamba ukiwaza ubaya unauita. Nimesikia wachezaji wakikatazwa hata kutaja neno kupoteza. Kuna tofauti kati ya kuwaza kushindwa na kuwaza tatizo pamoja na dawa yake. Anayesema "nikiishiwa pumzi nimekwisha" anajitisha. Anayesema "pumzi ikinibana kwenye kilima, nitafupisha hatua na kupumua kwa hesabu hadi juu" anajiandaa. Peter Gollwitzer, mtafiti mwingine wa Ujerumani, ameonyesha kwamba mipango ya namna hii, ikitokea hivi nitafanya vile, humsaidia sana mtu kutimiza alichokusudia. Tatizo likija, jibu linakuja nalo.

Tuje kwenye matuta

Mashabiki wa mji huu wanayajua maumivu ya mikwaju ya penalti. Aprili 2023 Simba walitolewa na Wydad Casablanca kwa matuta kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2024, Yanga wakatolewa hatua hiyohiyo, kwa matuta vilevile, na Mamelodi Sundowns pale Pretoria. Sina sababu ya kumlaumu mchezaji yeyote, penalti ni penalti. Natumia tuta kwa kuwa ni tendo fupi, kila mtu analijua, na linaonyesha vizuri picha ya kazi inavyojengwa.

Mpigaji anayejiandaa kwa taswira haanzi na mpira kutikisa nyavu. Anaanza katikati ya uwanja, mkono begani mwa mwenzake. Anasikia jina lake. Anatembea, na matembezi yale ni marefu. Anahisi njumu kwenye nyasi, jezi imemganda mgongoni. Kipa anamsogelea, anamwambia maneno. Anauchukua mpira, anauweka, anaupapasa mpaka ukae anavyotaka. Anarudi nyuma hatua zake zilezile za mazoezini. Filimbi inalia, naye hakimbilii. Anavuta pumzi moja. Kona ameshaichagua tangu alipokuwa katikati, haibadilishi hata kipa akicheza. Anahisi mguu wa nguzo unavyotua kando ya mpira, kifundo kimekaza. Anapiga. Halafu analirudia, safari hii uwanja umelowa mvua. Halafu safari hii aliyemtangulia amekosa na mashabiki wa ugenini wanapiga kelele.

Wayne Rooney aliwahi kueleza kwamba usiku wa kuamkia mechi alikuwa akimuuliza mtunza vifaa timu itavaa jezi, kaptula na soksi za rangi gani, ili picha yake ya kesho iwe na rangi halisi. Alikuwa sahihi. Watafiti wa Uingereza Paul Holmes na Dave Collins waliandika mwaka 2001 kwamba taswira inavyokaribiana na tendo lenyewe ndivyo inavyofaa: simama badala ya kulala kama mchezo wako ni wa kusimama, vaa viatu vyako, nenda uwanjani ikiwezekana, tumia muda wa kweli, na picha ikue kadiri wewe unavyokua.

Jambo moja zaidi kuhusu matuta. Kocha akimwambia mpigaji "usipaishe", amempa picha ya mpira ukipaa. Daniel Wegner wa Marekani alionyesha kwa majaribio kwamba ukimkataza mtu kuwaza kitu, hasa akiwa na presha, kitu hicho ndicho kinachomjia. Mwambie cha kufanya: chini, kulia, kaza kifundo.

Imani, ushirikina na wasioona picha

Wapo wanaoogopa zoezi hili kwa sababu za kidini, na wanastahili jibu la heshima. Taswira haimwombi yeyote chochote. Hakuna maneno ya kutamka, hakuna kitu cha kufukia golini, hakuna nguvu inayotumwa kwa mpinzani. Ni kukumbuka tendo kwa mpangilio. Anayesali aendelee kusali kabla au baada. Ila anayesema kwamba picha pekee italeta matokeo, bila jasho, huyo amehama kwenye taswira, na wanaomtilia shaka hawajakosea.

Wengine husema wameshajaribu, wamefumba macho, hawaoni kitu. Kuna watu ambao kweli hawaoni picha akilini, na hali hiyo imechunguzwa sana tangu 2015. Hawajakosa mlango. Watumie hisia za mwili na sauti: uzito wa mguu, mdundo wa viatu, hesabu ya pumzi. Wapo pia ambao picha inawaharibikia kila mara, wanajiona wakijikwaa palepale. Hao waipunguze kasi, wasimame kabla ya pale penye shida, walipitishe tendo kipande kwa kipande hadi linyooke. Likigoma, mara nyingi ni dalili kwamba hata uwanjani kipande hicho hakijakaa sawa, basi wakakifanyie mazoezi kwa miguu.

Kwa mtu wa kawaida wa Temeke au Kinondoni anayejiandaa na kilomita 21 zake za kwanza, ningemshauri hivi. Jioni, dakika kumi zinatosha. Kaa umevaa viatu vya kukimbilia. Sekunde chache uone mwisho. Kisha anza mwanzoni, kwenye umati, unajizuia usichukuliwe na kasi ya wengine. Sogea hadi Daraja la Tanzanite, upepo wa bahari umekupiga ubavuni, fulana imelowa unyevu wa Dar ambao hauna huruma hata saa kumi na mbili asubuhi. Fika kilomita ya 16, pale ambapo kwenye mazoezi huwa unataka kutembea. Hapo kaa muda mrefu kuliko kwingine. Uone mguu unavyolemea, ujisikie ukilegeza mabega, ukifupisha hatua, ukijipa hadi kituo cha maji kinachofuata tu. Kesho yake nenda ukaikimbie sehemu hiyo kwa miguu, urekebishe picha kwa ulichokiona.

Na kwa walimu wanaopeleka watoto UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari: hotuba ya kabla ya mechi kwa kawaida ni kombe tupu, tusirudi bila kombe, shule inawatazama. Jaribuni kukaa na watoto chini ya mwembe dakika tano, mmoja mmoja ajibu kwa sauti. Mpira wa kwanza ukikufikia, utaupokea kwa mguu gani? Umeshaona nani yuko huru? Ukinyang'anywa, unakimbilia wapi?